Wavu wa Golden Gate: kinga iliyopigiwa hesabu

Daraja la Golden Gate la San Francisco lilianza kujengwa Januari 1933, likafunguliwa Mei 1937, na ndani ya miaka hiyo wakafa mafundi 11. Kwa macho ya leo idadi hiyo inatisha, na ni haki ituogofye. Lakini wajenzi wa vyuma wa Marekani wa zama zile walikuwa na kanuni yao ya kikatili, kwamba kila dola milioni moja ya ujenzi humla mtu mmoja, na daraja hili liligharimu takriban dola milioni 35. Habari hii husimuliwa kana kwamba kofia na wavu vyenyewe ndivyo vilivyoleta tofauti. Mimi nashikilia kwamba tofauti ililetwa na hesabu iliyotangulia vifaa hivyo: hatari ipi inamkabili nani, kifaa gani kinaimudu, nani analipa, na nani ana uwezo wa kusimamisha kazi kisipotumika.

Tuanze na kofia. Kampuni ya Bullard ya mji huohuo ilikuwa ikiuza kofia ngumu tangu 1919. Ilitengenezwa kwa turubai lililopikwa kwa mvuke, likakazwa kwa gundi, likapakwa rangi nyeusi na kutiwa ukingo wa ngozi. Ugumu wa nje ni nusu tu ya kinga. Nusu ya pili ni mikanda ya ndani, ile inayoacha nafasi kati ya gamba na fuvu, ili ribiti inayodondoka kutoka juu imalize nguvu yake kwenye gamba na mikanda kabla ya kufika kichwani. Ukikata mikanda hiyo kwa sababu inabana, umebaki na bakuli. Mhandisi mkuu Joseph Strauss aliifanya kofia kuwa sharti la kazi, na aliyekaidi kanuni za usalama alifukuzwa. Waliosafisha vyuma kwa kupuliza mchanga walitengenezewa kofia ya aina nyingine, yenye kufunika uso na kuingiziwa hewa safi, kwa kuwa adui yao alikuwa vumbi. Kila hatari ilitafutiwa kifaa chake.

Hata hivyo kofia haimsaidii mtu anayeanguka takriban mita 67 hadi majini. Ndipo Strauss alipotandaza wavu chini ya sakafu ya daraja, ukitokeza nje pande zote mbili, kwa gharama ya dola 130,000 hivi. Watu 19 waliangukia humo wakapona. Ubora wa wavu ni kwamba haukumdai fundi akumbuke kufunga chochote. Mtu aliyechoka, aliyeteleza kwa ukungu au aliyepitiwa kidogo tu alikingwa sawasawa na aliyekuwa macho. Hii ndiyo sababu wataalamu wa usalama kazini huanza na kuondoa hatari yenyewe, kisha kinga inayowafunika wote, na kifaa cha kuvaa hukiweka mwisho.

Tarehe 17 Februari 1937, miezi mitatu tu kabla ya daraja kufunguliwa, jukwaa lenye uzito wa tani kadhaa liliachia vishikizo vyake likauangukia wavu. Wavu ulichanika, na watu 10 wakafa kwa mkupuo mmoja. Wapo wanaoichukua siku hiyo kuwa ushahidi kwamba vifaa kinga havina maana. Naiona kinyume kabisa. Wavu ulipimwa kwa uzito wa mtu, na kwa uzito huo ulishinda mara 19. Ulichobebeshwa siku ile ni kosa la jukwaa, na wavu hauwezi kulipia vishikizo dhaifu.

Pingamizi linalosikika zaidi ni gharama. Dola 130,000 katika milioni 35 hazifiki hata nusu ya asilimia moja. Pingamizi jingine lina uzito zaidi: wafanyakazi wenyewe hawataki kuvaa, hasa kwenye joto. Ni kweli, lakini tazama wanachopewa: saizi moja kwa watu wote, glavu zinazofanya nondo iteleze mkononi, miwani iliyochubuka hadi mtu haoni anachokata. Kibarua anayevua kifaa kama hicho ana sababu yake, na dawa ni kununua kinachomfaa, kisha kumpa muda wa kupumzika na kunywa maji. Baada ya hapo ndipo amri inakuwa ya haki.

Hesabu hiyohiyo inahitajika hata leo. Chukua mkanda wa usalama kwenye majengo ya Dar es Salaam au Nairobi. Fundi akifunga kamba ya karibu mita mbili mahali anapokanyaga, akianguka kamba hujinyoosha yote, kifyonza mshtuko kikafunguka zaidi ya mita moja, na bado urefu wa mwili wake unaning'inia chini yake. Zinahitajika mita tano hadi sita za nafasi tupu. Kwenye ghorofa ya kwanza atafika chini akiwa amevaa mkanda wake vizuri kabisa. Na asipokuwa na mahali imara pa kufungia, mkanda ni vazi la kumridhisha mkaguzi.

Tanzania kwa sheria ya 2003 na Kenya kwa sheria ya 2007 zimemtwika mwajiri wajibu wa kutoa vifaa kinga. Kinachokosekana mara nyingi ni mstari wa vifaa hivyo kwenye mchanganuo wa gharama za mradi, kwa hiyo mkandarasi anayeshindania zabuni huanza kupunguza hapohapo. Wanaoandaa zabuni, za serikali kwanza, waweke kipengele hicho kwa bei maalumu isiyoruhusiwa kushushwa, na wamtaje kwa cheo msimamizi mwenye mamlaka ya kusimamisha kazi.