Fundi Asomaye Dari

Tangazo lilinifikia kwenye simu nikiwa bandarini Mkoani, Pemba, nangoja boti ya Unguja. Inauzwa: fleti ya kifahari ndani ya jumba la kale la Mji Mkongwe, mbele yake bustani ya Forodhani, mbele ya bustani bahari. Vyumba vitatu, viyoyozi, roshani ya mbao, samani za kale.

Kwenye benchi lile lile la kivulini alikaa mzee mmoja fundi chokaa, jirani yetu, ambaye ujana wake wote aliumaliza Unguja akitengeneza majumba ya aina hiyo. Nikampa simu atazame. Picha ya bahari akaipita. Ya kitanda chenye chandarua akaipita. Alipofika kwenye sebule akaikuza kwa vidole viwili, akaisukuma mpaka dari ikajaa kiooni, akatulia hapo.

"Kumi na saba," akasema.

"Kumi na saba nini, babu?"

"Boriti, mwanangu. Tazama nafasi baina yake. Aliyezipanga alijua anachofanya."

Tangu siku ile sijaweza kutazama nyumba ya mawe kwa macho yangu ya zamani. Mimi nilikuwa nikiingia chumbani naona chumba. Yeye huanza na mti. Boriti ni mkoko, na mkoko ulionyooka vizuri humpa mjenzi mita tatu hivi za kutumia, basi. Kwa hiyo vyumba vya kale vya mwambao wetu ni vyembamba na virefu: upana umeamuliwa kwenye maji ya chumvi kabla jiwe la kwanza halijawekwa. Majahazi yalipozipeleka boriti za Lamu na Rufiji mpaka Muscat na Bahrain, vyumba vya huko navyo vikafuata kipimo hicho hicho. Mnunuzi wa leo akisimama katikati ya sebule ile na kunyoosha mikono, anapima mkoko.

Juu ya boriti hulazwa mawe, na juu ya mawe humwagwa zege la chokaa, udongo mwekundu na kokoto. Hapo ndipo kazi ilipohitaji watu wengi. Walijipanga safu, kila mmoja na kipande chake, yaani kigogo chenye mpini, wakalipiga zege kwa mwendo mmoja na nyimbo, siku baada ya siku, mpaka likashikana na mvua ikakosa njia. Mzee anasema ukienda na sikio utajua limeiva: mlio hubadilika, ukatoka kwenye mchanga ukaingia kwenye jiwe.

Lakini moyo wa kazi yote ni chokaa yenyewe. Tanuu la chokaa la kienyeji halina kuta. Ni rundo la duara la magogo, na juu yake mawe ya matumbawe yaliyopangwa kwa mkono. Moto hutiwa katikati, ukaachiwa ule kuni mpaka ziishe. Yanayobaki ni mawe meupe, mepesi kuliko yalivyokuwa. Yakimwagiwa maji hutokota, hupasuka, hugeuka unga. Unga huo haupelekwi ukutani siku ile. Hutiwa shimoni na kuhifadhiwa na unyevu wake, miezi kadhaa, na kadiri unavyokaa ndivyo unavyolainika na kunata kwenye mwiko.

Wanasayansi wana maelezo yao, na kwangu maelezo hayo yanaizidishia kazi hii heshima. Moto huitoa hewa ya ukaa iliyofungika ndani ya jiwe. Chokaa ikishapakwa ukutani huanza kuivuta tena hewa ile ile, kidogo kidogo, kwa miaka. Jiwe la bahari limeingia motoni, limeingia majini, kisha likarudi kuwa jiwe kwa umbo alilolitaka fundi.

Mwaka jana nilimwona mzee kazini hapa hapa Mkoani, kwenye nyumba moja iliyoko mlimani, juu kidogo ya nyumba za maendeleo. Mtu alikuwa ameupiga ukuta wa chokaa lipu ya saruji, akidhani anauimarisha. Saruji haipitishi unyevu kama chokaa. Maji yaliyokuwa yakitoka ukutani polepole yakakosa pa kutokea, chumvi ikafura kwa ndani, lipu ikabanduka mabamba mabamba. Mzee aliibandua yote, akaufagia ukuta kwa brashi ngumu, akauacha upumue. Siku aliyorudi alinipa ndoo na brashi niwe msaidizi wake. Nikaulowesha ukuta kidogo, nikampisha apige lipu.

Akaweka kiganja ukutani, akakiondoa. "Huo bado una kiu, mwanangu. Utainyonya chokaa yangu yote nibaki na vumbi. Mwagia tena."

Nikamwagia mara tatu. Kila mara aliweka kiganja. Alipotosheka akarusha chokaa kwa mwiko, tabaka jembamba kama ganda la yai, akaikwaruza ili ya pili ipate pa kushika, akafunika kwa magunia mabichi na kuondoka. Alirudi baada ya siku kadhaa kwa tabaka la pili, kisha la tatu. La mwisho alilikandamiza kwa mgongo wa mwiko, akalisugua, akaenda kunywa kahawa, akarudi kulisugua tena mahali pale pale, maana chokaa inapokauka hupasuka nyufa za unywele, na dawa yake ni mkono unaorudi. Jioni ukuta ulikuwa na mng'ao wa ndani kama kauri ya pwani. Hakuwa amepaka rangi yoyote.

Mkono huo ni wa zamani kisiwani kwetu. Nenda Pujini, kwenye magofu ya karne ya 15 yanayohusishwa na mtawala Mkama Ndume. Mle kuna chumba cha chini ya ardhi, na ukutani fundi mmoja alifinyanga siwa, lile baragumu la enzi, kwa lipu ya chokaa. Jina lake halikubaki. Siwa yake imebaki.

Kazi hii ikikosa watu wa kuirudia, majumba huchoka. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya jumba la Beit al-Ajaib, lililojengwa 1883 na linalotazamana na Forodhani hiyo hiyo, ilianguka na watu wawili wakafariki. Habari ilipofika Mkoani wengi tuliulizia mnara wake wa saa. Mzee aliuliza ni nani waliokuwa ndani.

Siku ile bandarini, boti ilipoonekana kwa mbali mzee alikuwa bado ameishika simu yangu. Alikuwa akiufuata ukingo wa zidaka, vishubaka vya ukutani, kwa ukucha wa kidole gumba, polepole, kama anayehakiki kazi ya mwanafunzi wake. Kisha akanionyesha pembe ya juu ya picha, penye alama ya hudhurungi ambayo mpiga picha hakuiona.

"Hapo pana maji. Atakayenunua aanze na paa kabla hajanunua mapazia. Na atafute mtu wa chokaa, si wa saruji. Zile boriti zikioza, hakuna wa kuzipanga tena vile."

Tangazo lilikuwa limeandika bei na ukubwa wa fleti. Halikumtaja aliyekata mikoko, wala waliosimama darini na vipande vyao, wala aliyengoja shimo la chokaa liive. Nilimuaga mzee, nikapanda. Boti ilipoiacha gati niliifungua ile picha, nikaikuza dari, nikahesabu kwa kidole, mara mbili ili nisikosee.

Kumi na saba.