Heko kwa Mafundi wa Maganda ya Risasi

Kwenye mashindano ya Marekani ya kulenga shabaha kwa bunduki iliyoegemezwa mezani, sifa nyingi humwendea mwenye mtutu mzuri. Pongezi zangu nampa fundi wa maganda.

Ganda la shaba likishafyatuliwa hutanuka na kushika umbo la chemba. Fundi hulirudisha kwenye kipimo kwa kalibu, kidogo tu, kisha hukata urefu uliozidi. Lakini kazi hasa iko shingoni. Ukuta wa shingo ukiwa mnene upande mmoja, risasi haikai katikati, hivyo fundi huuchonga taratibu huku akipima kwa mikromita. Shaba iliyokakamaa kwa matumizi ya mara kwa mara huipasha moto shingoni ilainike. Kitako hakipashwi kamwe, maana ndicho kinachobeba shinikizo la baruti.

Louis Palmisano na Ferris Pindell walipobuni ganda la mashindano la 6mm PPC katika miaka ya 1970, walianza na ganda la .220 Russian. Ganda lao fupi, nene, limetamba mashindanoni kwa miongo kadhaa. Risasi tano kwa umbali wa yadi 100 huweza kuacha tundu moja tu karatasini, na nusu ya makofi ni haki ya aliyekaa na mikromita.