Mkonge wa Uani, Kibokoni

Mchanga wa ufukweni hautakiwi. Hilo ndilo la kwanza Bibi hulisema anapofungua kiroba uani, kwa sababu watu wanaoishi hatua chache kutoka baharini hudhani mchanga wote ni mmoja. Wa ufukweni una chumvi na vumbi la makombe, tena ni laini, ukilowa hushikamana. Autakao yeye ni wa mtoni, ule wa chengachenga wanaoununua waashi. Huuchekecha kwa chekeche ya waya, unga unaopita chini akautenga, akabaki na punje zinazokwaruza vidole. "Mtanga sharti ulie," aniambia, akiusugua baina ya viganja viwili hadi nikausikia.

Kando ya mchanga yapo makumbi ya nazi yaliyofumuliwa. Yale ya kusokotea kamba hayachukui, maana huvundikwa katika maji ya bahari. Hutumia ya nazi za jikoni mwake, akayaloweka kwenye maji baridi, akayakamua na kuyaanika. Mbolea ni ya mbuzi, iliyokaa mpaka ikaacha kunuka. Kipimo ni kopo la samli: matatu ya mchanga, mawili ya makumbi, moja la mbolea, na konzi ya makaa yaliyopondwa. Huchanganya kwa kuinua na kuachia, kuinua na kuachia, hadi rangi iwe moja. Halafu hufumbata konzi ya udongo ule mbichi, akaubana, akafungua kiganja. Ukibaki na alama za vidole, huongeza mchanga. Ukimomonyoka wenyewe, hugeukia vyungu.

Nyumba yake iko Kibokoni, katika Mji wa Kale wa Mombasa, imejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa kama jirani zake. Mwanga huingilia uani na kwenye madirisha ya barabarani. Vyumba vya kati hubaki na kiza chao. Uani hakuna mti. Kuna vyungu vya udongo, makopo ya mafuta ya kupikia, ndoo za rangi zilizotobolewa kwa msumari, na karibu vyote vimejaa mmea mmoja: ule wa majani marefu yaliyosimama wima, ya kijani kizito, yenye michirizi ya kijivu iliyopindapinda. Wauza miche wa barabarani huuita mmea wa nyoka kwa ajili ya michirizi hiyo. Bibi huuita mkonge tu.

Na ana haki. Huu wa ndani ya nyumba asili yake ni upande wa magharibi wa Afrika hadi Kongo, lakini jamaa zake ni wenyeji wa huku kwetu. Mmoja huota pwani hii na Zanzibar, na wataalamu waliupa jina la John Kirk, daktari na mpenzi wa mimea aliyekuwa mwakilishi wa Uingereza Zanzibar katika karne ya 19. Mwingine, wenye majani manene yaliyopangwa mkabala, Wamaasai huuita oldupai, na bonde mashuhuri la Olduvai kule Tanzania lilipata jina kwake. Kabla mkonge wa mashamba makubwa haujaletwa kutoka Amerika mwaka 1893, nyuzi za hawa wa mwituni ndizo zilizosokotwa kamba na pote za pinde. Vitabu vya zamani huuandika wa nyumbani kwa jina la Sansevieria. Tangu 2017 wanasayansi wameuhamishia katika ukoo wa Dracaena. Bibi hana habari ya uhamisho huo, wala mmea.

Kazi iliyonifanya nivute kigoda ni ile ya kugawa. Siku yake huamuliwa na chungu. Ndoo ya plastiki huvimba ubavuni, cha udongo huanza kuonyesha ufa, na Bibi hupitisha kidole kwenye ukingo akatafuta mahali ambapo hakuna tena nafasi baina ya mzizi na chombo. Ukigawa mapema, asema, unapata watoto wasio na mizizi yao. Anangoja mpaka chungu chenyewe kishindwe.

Hutandika gunia, akaulaza mmea ubavu. Hashiki majani. Wengi huvuta majani, nayo huchomoka kwenye shina yakabaki mkononi. Yeye huviringisha ndoo kwa kiganja, akiibonyeza kila inapogeuka, kisha huingiza kijiti kwenye tundu la chini akasukuma kidogo. Donge la mizizi likikataa, huviringisha tena. Nilihesabu mizunguko mpaka nikapoteza hesabu. Uso wake haukubadilika. Mwishowe donge lilitoka lote, limebeba umbo la ndoo.

Hapo huanza kusoma. Huukung'uta udongo kwa ncha za vidole, kutoka nje kwenda ndani, hadi shina la chini lionekane: nene, la rangi ya manjano iliyokolea, limejikunja likizunguka ukuta wa ndoo kutafuta njia. Kila fungu la majani limekaa juu ya kifundo chake. Bibi hufuata shina kwa kidole gumba kutoka kwa mama hadi kwa mtoto, na mahali linapokuwa jembamba husimama. Hutazama chini ya kifundo. Kuna mizizi? Basi hapo ndipo kisu kitakapopita. Hakuna? Hao hubaki pamoja mpaka mwaka mwingine.

Kisu ni cha jikoni, chembamba, kimenolewa kwenye jiwe na kupitishwa juu ya moto wa jiko kikaachwa kipoe. Hakati kwa kwenda na kurudi. Huweka makali mahali alipochagua, akakandamiza mara moja, na jeraha hutoka laini, jeupe, lenye unyevu. Kama lingekuwa na rangi ya kahawia angeendelea kukata mpaka afike kwenye weupe. Hulipaka unga wa makaa pande zote mbili, kwa mama na kwa mtoto, kisha huwalaza wote juu ya jamvi kuukuu kivulini. Hawapandwi leo. Hulala hapo siku mbili tatu, mizizi wazi, mpaka jeraha lifanye ngozi. Mtu asiyejua angepita akadhani wametupwa.

Kuna njia ya pili, ya kukata jani, na hii ndiyo inayopima subira hasa. Bibi huchagua jani lisilo changa wala zee, akalikata karibu na udongo, akaligawa vipande vya urefu wa kidole cha kati. Jani la mkonge lina juu na chini, na kipande kikipandwa kichwa chini hakioti kamwe. Vikishalala pamoja jamvini vyote hufanana. Ndiyo sababu upande wa chini wa kila kipande huukata kwa umbo la mkia wa samaki: ncha mbili na pengo katikati. Hivyo hakosei, tena sehemu iliyokatwa huwa pana, na mizizi hupata pa kutokea. Vipande hukauka siku kadhaa, halafu huchomekwa kwenye mchanga mtupu, kina cha pingili moja ya kidole. Mizizi huchukua wiki nyingi. Chipukizi la kwanza huchukua miezi, na kwa muda wote huo hakuna kinachoonekana juu ila kipande cha jani kilichosimama vilevile. Wajukuu hutamani kukichomoa watazame. Bibi huwapa kazi nyingine.

Wenye ukingo wa manjano hakati majani yake. Aina hiyo huitwa Laurentii, kwa jina la Émile Laurent, Mbelgiji aliyekusanya mimea Kongo, na ndiyo inayopendwa zaidi na wateja. Jani lake ukilikata ukalipanda, mtoto hutoka kijani tupu. Ule umanjano uko katika tabaka za seli za ukingoni, ilhali chipukizi la kipande huanzia katika seli za ndani zisizo nao. Kwa kugawa shina tu ndipo rangi hupita kwa mtoto. Bibi aliyajua haya kwa macho yake kabla sijayasoma popote; aonyesha chungu kimoja cha kijani na kusema mama yake alikuwa wa manjano.

Kupanda kwenyewe ni kazi fupi. Kigae hufunika tundu la chungu, udongo hutiwa hadi nusu, shina hukalishwa upana wa vidole viwili chini ya ukingo, udongo hujazwa kwa konzi na kushindiliwa kwa vidole, si kwa ngumi. Chungu kinachochaguliwa ni kidogo kuliko ambavyo mtu angetarajia. Kikubwa hubeba maji mengi kuliko mizizi inavyoweza kunywa, na mzizi uliokaa katika ubichi huoza. Mmea mpya hautiwi maji wiki nzima.

Ndani ya nyumba mkonge huwekwa kwa zamu. Watu husema unavumilia kiza, na kweli unavumilia, lakini kuvumilia si kukua. Bibi ana makundi mawili. Moja liko ndani, penye madaka ya ukutani na pembe za ukumbi, jingine liko uani chini ya kivuli cha dari ya makuti, ambako jua huchujika. Baada ya wiki kadhaa hubadilishana. Wa ndani haupelekwi juani moja kwa moja, kwa kuwa majani yangeungua yakafanya mabaka meupe. Hukaa kwanza mlangoni. Paka wa Mji wa Kale ni wengi na hawabishi hodi, na jani la mkonge huwatapisha, kwa hiyo vyungu vya chini ni vile vya majani magumu na marefu, na wachanga hupanda madakani.

Vumbi la chokaa na chumvi ya upepo hutua juu ya majani. Huyapangusa kwa kipande cha kanga iliyochakaa, iliyoloweshwa na kukamuliwa, kiganja kimoja kikiwa nyuma ya jani kulitegemeza na kingine kikipanda kutoka shina hadi ncha. Ncha huigusa kwa hadhari: ikivunjika haioti nyingine. Ndipo pia anapokagua maungio ya majani, wanapojificha vidudu vyeupe vya pambapamba. Akiwaona huwaondoa mmojammoja kwa kijiti kilichofungwa pamba na kuchovywa spiriti.

Wauzaji hudai mmea huu husafisha hewa ya nyumba. Dai hilo lilitokana na utafiti wa NASA wa 1989, uliofanywa ndani ya visanduku vilivyofungwa. Mwaka 2019 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Drexel, Marekani, waliyapitia majaribio ya namna hiyo, wakaona kwamba ingehitajika mimea kati ya 10 na 1,000 kwa kila mita ya mraba ili kufanya kazi ambayo upepo unaopita nyumbani huifanya bure. Nyumba hii ina madirisha pande mbili na kaskazi huyapata yote. Sioni kwa nini mkonge utwishwe kazi ya upepo.

Ama maji, hapo ndipo mikono yake hutulia zaidi. Mombasa yenyewe haina maji ya kuchezea. Ya bomba hutoka mbali bara, kwenye chemchemi za Mzima na visima vya Baricho, na huja kwa mgao, na ya visima vya kisiwani yana uchumvichumvi unaoacha ukoko mweupe kwenye vyungu. Bibi hukinga ya mvua wakati wa masika, akayaweka kwenye pipa lenye kifuniko. Kabla ya kutia, huinua chungu kwa mikono miwili, maana chungu kikavu kina uzito wake naye anaujua. Kisha huchoma kijiti cha mshikaki hadi chini, akakiacha kidogo, akakichomoa. Kikitoka na udongo umeganda, hurudisha kifuniko cha pipa. Kikitoka kisafi na kikavu, humimina kando ya shina, kamwe si katikati ya majani, polepole hadi maji yatokee tunduni, kisha humwaga yaliyobaki kwenye sahani. Masika yakishika, hewa ikalowa yenyewe, hupita mwezi na zaidi bila kutia tone. Mmea umeumbwa hivyo. Matundu ya majani yake hufunguka usiku, jua likiwa halipo la kuunyang'anya maji, na mchana hujifunga.

Chungu kilichobana na kukaa pahali pake miaka mingi huweza kutoa maua, kikonyo cha vijiua vyembamba vya weupe wa kijani, vinavyonukia usiku na kudondosha utomvu mtamu. Bibi hayashangilii sana. Fungu likishatoa maua haliongezi jani jipya. Hutoa watoto pembeni, naye tayari huwa anahesabu pa kuwagawa.

Mteja aliyekuja siku niliyokuwapo alikuwa msichana aliyehamia chumba cha ghorofa huko Tudor. Alinyoosha kidole kwenye mche wenye majani mawili.

"Huyo angali mchanga," Bibi akamwambia. "Ndoo baada ya Idi. Leo nitakupa mwenzake."

Alimpa wa majani sita, wa ukingo wa manjano, na kijiti cha mshikaki kimechomekwa ndani. Msichana akataka chungu kikubwa zaidi, hakupewa. Akauliza autie maji siku gani za wiki, akaonyeshwa kijiti.

"Na nikisafiri mwezi mzima, Bibi? Nani atautazama?"

"Safiri, mwanangu. Lakini ukimwatia jirani ufunguo, mwambie asiutie mai."