Kamera na Ramli: Usawiri wa Mwovu katika Filamu za Kutisha za Bajeti Ndogo na Mazingira ya Kanda ya Ziwa

1.0 Utangulizi

Utanzu wa Kigothi ulizaliwa katika fasihi ya Uingereza kwa riwaya ya Horace Walpole, The Castle of Otranto (1764). Tangu hapo umejengwa kwa vijenzi vichache vinavyojirudia: jumba kuukuu, siri ya ukoo, mfu asiyetulia kaburini na mtu asiye na hatia anayewindwa. Sinema ilipourithi utanzu huu iligundua jambo la kiuchumi: hofu haihitaji fedha nyingi. White Zombie (1932) ya Victor Halperin ilipigwa kwa siku chache katika mandhari za kuazima za kampuni ya Universal. Cat People (1942) ya Jacques Tourneur ilimficha chui kivulini, na Night of the Living Dead (1968) ya George Romero ikaigeuza nyumba ya kawaida ya shambani kuwa ngome.

Makala haya yanachunguza namna bajeti ndogo inavyoathiri jibu la swali la msingi la utanzu huu: mwovu ni nani, na anajulikanaje? Hoja inayotetewa ni kwamba katika filamu za video za Tanzania kamera imechukua kazi ya ramli. Katika Mwanza na maeneo jirani ya Ziwa Victoria, ambako kutajwa mchawi kumewagharimu watu uhai, uamuzi huo wa kifani una uzito wa kimaadili.

2.0 Ufinyu wa Bajeti na Mbinu za Kutisha

Filamu ya video ya kutisha ilishika kasi nchini Tanzania mwanzoni mwa miaka ya 2000, na Nsyuka (2003) na Shumileta (2005) za Mussa Banzi ni miongoni mwa mifano yake ya awali. Mtafiti Claudia Böhme ameonyesha kwamba filamu hizi ziliokota vipengele kutoka Nollywood na kwingineko, kisha zikavishona upya kwa imani na masimulizi ya wenyeji. Watazamaji wake walikuwa wamekwisha kuzoea sinema za nje katika vibanda umiza, ambako watafsiri kama Derek Mukandala, aliyejulikana kwa jina la Lufufu, walizisimulia kwa Kiswahili na kuzipa maana ya mtaani.

Ufinyu wa bajeti uliwasukuma watayarishaji hawa mahali tofauti na alikosukumwa Tourneur. Yeye alificha kwa sababu kuonyesha kuligharimu. Kwa kamera ya kidijiti na kompyuta ya kuhariria, hata hivyo, kuonyesha ni rahisi kuliko kuficha. Kumfanya mchawi atoweke kunahitaji kusimamisha kamera, kumwondoa mwigizaji na kuendelea kupiga picha. Kumtambulisha kunahitaji kaniki, ungo na rangi nyekundu machoni. Kuficha kunadai mwanga unaopangwa kwa uangalifu, sauti safi na muda wa mazoezi, na hivyo ndivyo vitu ambavyo mtayarishaji wa bajeti ndogo hana.

Matokeo yake ni kwamba shaka, ambayo ni roho ya Ugothi, hufa mapema. Katika Cat People mtazamaji hukaa muda mrefu bila kujua kama mhusika mkuu ni chui au ni mwanamke mgonjwa wa hofu. Katika filamu nyingi za uchawi za Kitanzania mtazamaji humjua mchawi kabla ya jirani zake kumjua. Taharuki inayobaki ni ya kusubiri siku atakayoumbuliwa, aghalabu na mganga au mchungaji. Hadhira huingia katika hadithi ikiwa imekwisha kutoa hukumu.

3.0 Macho Mekundu kama Ushahidi

Katika Usukuma, mauaji ya watu wanaotuhumiwa kuwa wachawi yamechunguzwa kwa kina na Simeon Mesaki, ambaye ameyahusisha pamoja na mambo mengine na misukosuko ya kuhamishiwa watu vijijini katika miaka ya 1970. Waathirika wengi wamekuwa wanawake wazee. Alama inayotajwa mara kwa mara ni macho mekundu, na maelezo yake yanajulikana: ni macho ya mtu aliyepikia kwa miaka mingi ndani ya nyumba yenye moshi, kwa kuni au kinyesi kikavu cha ng'ombe. Alama ya umaskini husomwa kama alama ya uovu.

Filamu inapompaka mwigizaji rangi nyekundu machoni haibuni ishara mpya. Huiokota kutoka mitaani na kuirudisha mitaani ikiwa imethibitishwa. Ramli ina udhaifu mmoja: mteja humsikia mpiga ramli akitaja jina, lakini haoni tendo lenyewe. Filamu huziba pengo hilo. Humwonyesha bibi akipaa kwa ungo usiku na asubuhi akisalimiwa shikamoo na wajukuu. Sheria ya Uchawi, iliyotungwa mwaka 1928 chini ya utawala wa Waingereza, haikuipatia mahakama jicho la namna hiyo. Uhariri wa video umelitoa kwa gharama ndogo.

Hoja hii haidai kwamba filamu husababisha mauaji; tuhuma hizo zilikuwapo kabla ya kibanda umiza cha kwanza. Kinachodaiwa ni kwamba filamu na tuhuma hutumia mantiki moja ya ushahidi, yaani mwili huonekana kama maandishi yanayofichua siri ya moyo. Msanii anayeitumia mantiki hiyo bila kuihoji amechagua upande, hata kama hakukusudia.

4.0 Darwin's Nightmare na Tuhuma Isiyoonyeshwa

Mfano wa kinyume umepigwa Mwanza kwenyewe. Darwin's Nightmare (2004) ya Hubert Sauper huhesabiwa kuwa filamu ya hali halisi, na iliteuliwa kuwania tuzo ya Oscar. Fani yake, hata hivyo, ni ya Kigothi waziwazi: usiku mrefu, mlinzi mwenye mishale ya sumu, mizoga ya ndege kando ya uwanja, mapanki yenye funza yakianikwa juani, na sangara, samaki mgeni aliyepandikizwa na kuwameza wenyeji wa ziwa. Jumba la Walpole limekuwa ndege ya mizigo ya Ilyushin. Siri yake ni swali linalorudiwa: ndege hizi huja na nini kabla ya kuondoka na minofu ya sangara?

Sauper anadokeza silaha, lakini kamera yake haizionyeshi. Rais Jakaya Kikwete aliikosoa filamu hiyo hadharani mwaka 2006. Nchini Ufaransa, mwanahistoria François Garçon aliishambulia kwa maandishi. Sauper alimshitaki kwa kashfa na kushinda mwaka 2008, ingawa hukumu hiyo haikumaliza mjadala kuhusu mizigo ya ndege.

Kwa mtazamo wa kifani, Sauper amerejesha shaka ambayo filamu za video ziliiua, lakini ameitumia kama tuhuma. Mtazamaji hukamilisha mwenyewe kile ambacho picha haikusema. Hii nayo ni ramli: jina halitajwi, mteja hulitaja. Tofauti kubwa iko kwa anayeelekezewa kidole. Filamu ya uchawi humwelekea jirani asiye na nguvu. Sauper huelekea biashara ya kimataifa. Hata hivyo mji wa Mwanza wenyewe ulibeba sura ya kuzimu mbele ya watazamaji wa Ulaya, na wachuuzi wa mapanki hawakuwa na filamu ya kujibu.

5.0 Kuhamisha Jicho: White Shadow

White Shadow (2013) ya Noaz Deshe, iliyotunukiwa tuzo ya filamu ya kwanza mjini Venice, inatoa njia ya tatu. Inahusu kijana mwenye ualbino anayekimbilia mjini baada ya baba yake kuuawa. Nyuma yake yapo mauaji yaliyoshtua hasa Kanda ya Ziwa, yaliyomfanya Waziri Mkuu Mizengo Pinda atangaze Januari 2009 kufutwa kwa leseni za waganga wa jadi.

Deshe haulizi ni nani aliye mwovu kwa siri. Kamera inayotikisika hukaa karibu na anayewindwa, na kutisha hutoka katika bei: mtu mwenye jina amegeuzwa bidhaa. Hapa filamu hukutana na White Zombie, ambamo wafu hutumikishwa katika kinu cha sukari, na pia na msukule wa masimulizi ya Kitanzania, anayelimishwa usiku na mchawi. Katika yote matatu hofu kuu ni ya mwili unaotumiwa kumtajirisha mwingine. Deshe ameitoa hofu hiyo mikononi mwa bibi mwenye macho mekundu na kuipeleka sokoni, kwa mnunuzi.

6.0 Hitimisho

Uchambuzi huu umeonyesha kwamba bajeti ndogo haiamui maadili ya filamu ya kutisha, bali huamua njia iliyo rahisi zaidi, na katika enzi ya video njia hiyo ni kuthibitisha tuhuma. Kukaa na anayetuhumiwa hakugharimu zaidi: kamera ileile, rangi ileile na jiko lilelile lenye moshi vingetosha kusimulia usiku wa bibi anayesikia hatua za watu nje ya mlango wake. Hadithi hiyo ina kila kijenzi cha Ugothi, na Usukuma imeiishi kwa miongo mingi. Utafiti zaidi unahitajika kuhusu namna hadhira za visiwani na mialoni zinavyozipokea filamu za uchawi, na kama watazamaji wazee huziona kwa jicho sawa na vijana.