Ndugu za Babu Waliobaki

Tukivisoma vitabu vya koo za Wamennonite waliohamia Kanada kutoka Urusi, twasifu bidii ya waandishi katika majina na tarehe. Lakini vingi vina kasoro moja: vinamfuata babu hadi shambani kwake Manitoba, na kaka na dada zake vinawaachia jina tupu.

Kati ya 1923 na 1930 walifika Kanada Wamennonite wapatao 20,000. Wengine walizuiwa njiani kwa ugonjwa wa macho, trakoma. Wengine hawakupata ruhusa ya kutoka. Gazeti lao, Mennonitische Rundschau, lilichapisha barua za ndugu waliotafutana. Barua hizo hazina ufundi, lakini twaziona bora kuliko vitabu, kwa kuwa ndani yake aliyebaki bado anaulizwa kwa jina.

Kitabu kinachohesabu waliofika tu kinafundisha, bila kukusudia, kwamba Mungu alipanda meli akawaacha waliobaki. Mchungaji mwema hakuhesabu hivyo: alimkosa kondoo mmoja, akaenda kumtafuta. Basi tunapoandika ukoo, tuwataje ndugu za babu. Na palipo pengo, tuliache lionekane.