Gari la Kukatwa Mshahara: Ni Kukodi au ni Deni?



Katika kurasa kama hizi huhakikiwa vitabu, na mara nyengine huhakikiwa desturi zetu za arusi na matanga. Leo nakuomba tukae pamoja tuhakiki karatasi. Ni karatasi ambayo siku hizi yaingia katika nyumba nyingi za Waislamu wenye kuajiriwa, nayo husainiwa upesi kuliko inavyosomwa.

Katikati ya mwaka 2024 nilikuwa mgeni katika nyumba moja ya Ujiji. Ziwa Tanganyika lilikuwa limefungwa kwa uvuvi, tangu tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti, ili samaki wapate kuzaana. Katika nyumba ile ndugu wawili ni wavuvi wa dagaa, na wa tatu ni mtumishi wa umma mjini Kigoma. Kwa miezi mitatu ile, fedha ya hakika iliyokuwa ikiingia nyumbani ilikuwa mshahara wa huyo mmoja.

Usiku mmoja baada ya Isha alileta karatasi. Kampuni moja ilikuwa yataka kumpa gari. Kampuni italinunua, yeye atalitumia kwa miaka minne, na mwajiri atakata fedha katika mshahara wake kila mwezi na kuipelekea kampuni. Mwisho wa muda gari litakuwa lake. Mama yake alimsikiliza mpaka akamaliza, kisha akamwuliza:

"Mwanangu, gari hilo kwa miaka hiyo minne ni lako au ni lao?"

"Ni lao, mama. Mimi nakodi."

"Likigongwa na lori likaisha, bila ya kosa lako?"

"Nitaendelea kukatwa mpaka nimalize."

"Basi wewe umekodi nini?"

Kijana hakuwa na jawabu. Nami nikaiomba ile karatasi niisome.

Ndugu msomaji, swali la mama yule ndilo uhakiki wote. Sheria yetu ya Kiislamu inayo milango iliyo wazi katika jambo hili, na kila mlango una jina lake. Ukikodi, hiyo ni ijara: kitu ni cha mwenyewe, wewe wanunua manufaa yake, na kikiharibika bila ya uzembe wako hasara ni ya mwenyewe. Ukinunua kwa malipo ya polepole, hiyo ni biashara: bei hukatwa siku ya kwanza, hata ikiwa juu kuliko ya taslimu, na kitu huwa chako siku hiyo hiyo. Deni hilo haliongezeki hata ukichelewa. Ama ukikopeshwa fedha ili uzirudishe na ziada, hiyo ni riba, na hukumu yake yajulikana na kila aliyesoma mwisho wa Suratul Baqara.

Karatasi ile ilichukua kidogo huku na kidogo kule. Ilipozungumza juu ya milki, ilimwita kijana mkodi: gari si lake, hana ruhusa ya kuliuza, na akikosa kulipa huchukuliwa. Ilipozungumza juu ya hasara, ilimfanya mwenye mali: matengenezo ni yake, bima ni yake, ajali ni yake. Na alipochelewa, ilimgeuza mdeni wa riba, kwa kuwa fedha iliyochelewa yaongezwa asilimia kila mwezi. Mtu mmoja amevishwa kanzu tatu, na kila kanzu imechaguliwa na upande wa pili.

Usidhani kuwa haya ni maneno ya mama wa Ujiji na yangu tu. Mwezi wa Septemba mwaka 2000, Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu ya kimataifa ilikutana Riyadh na kulitazama jambo hili la kukodi kunakoishia katika kumiliki. Wanazuoni wale hawakulifunga lote. Walikataza kufunga mikataba miwili inayopingana juu ya kitu kimoja kwa wakati mmoja. Waliruhusu ikiwa kukodi ni kukodi kweli, na kumiliki kukaja baadaye kwa mkataba wake mbali au kwa ahadi. Wakaweka masharti: dhamana ya kitu iwe juu ya mwenyewe, ila mkodi akifanya ujeuri au uzembe, bima ikiwapo iwe ya kusaidiana na ilipwe na mwenyewe, na matengenezo ya kukiweka kitu katika hali ya kufaa yawe juu ya mwenyewe. Ipime karatasi yako kwa masharti hayo.

Wengi wetu tuna watoto Uingereza, na huko nako upo mpango unaofanana na huu. Jina lake kwa lugha yao lina neno dhabihu: mfanyakazi hutoa dhabihu sehemu ya mshahara wake, na mwajiri humkodia gari jipya. Sehemu hiyo hukatwa kabla ya kodi ya serikali, kwa hiyo kodi hupungua, hasa kwa magari ya umeme. Muda ukisha, gari kwa kawaida hurudishwa. Kwa upande huo mpango wao una uaminifu kuliko karatasi ya Kigoma, kwani aliyekodi ajua kuwa amekodi. Lakini kwao pia mshahara ulioandikwa umepungua, na huenda pensheni ikapungua pamoja nao. Na mwenye kuacha kazi kabla ya muda huenda akatozwa gharama ya kuuvunja mkataba. Waambieni watoto wasome vifungu hivyo kwanza, ndipo watazame rangi ya gari.

Sasa tuje kwenye mshahara wenyewe. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004, katika kifungu cha 28, hairuhusu mwajiri kukata mshahara kwa ajili ya deni la mfanyakazi mpaka mfanyakazi akubali kwa maandishi, ila yale ambayo sheria au hukumu imeyaruhusu. Maana yake ni kuwa mkato huu waanza kwa kalamu yako. Na kwa watumishi wa umma iko kanuni mashuhuri ya theluthi: makato yote yasimwache mtu na chini ya theluthi moja ya mshahara wake wa msingi. Kanuni hiyo ni njema, lakini watu wameigeuza. Mpaka uliowekwa ili mtu asizame, wao waufanya ndio kina cha kuogelea.

Tufanye hesabu ya mfano. Tuseme gari lauzwa shilingi 12,000,000 taslimu. Mkato ni 350,000 kwa mwezi, kwa miezi 48. Jumla ni 16,800,000, yaani zaidi ya bei kwa 4,800,000. Tuseme mshahara unaofika mkononi ulikuwa 700,000. Nusu yake yote imeondoka kabla haijapita mlangoni, na mafuta ya gari bado hayajatiwa. Nusu iliyobaki ndiyo ya unga, kodi ya nyumba, ada ya shule na dawa ya mzee.

Hapa ndipo pana dhambi ambayo hatuisemi. Kumlisha na kumvisha mke na watoto ni wajibu. Mtume wetu (S.A.W.) ametufunza kuwa kuwapoteza wale walio juu ya mikono yetu ni dhambi iliyotimia peke yake. Wangapi husaini mkato wa miaka minne, na mke apata habari mwezi wa pili, pale fedha ya matumizi inapopungua naye akadhani kuwa mumewe ameoa kwengine? Mshahara huandikwa kwa jina la mtu mmoja, lakini haki za watu wengi zimo ndani yake. Asiyewashauri wenye haki amewakopea bila ya wao kujua.

Watazame wavuvi wa ziwa lile lile. Kwa desturi, mwenye chombo na nyavu na mabaharia wake hutoa gharama, kisha hugawana kilichopatikana. Usiku wa mbalamwezi, dagaa hawavutwi na taa, wote hukaa pwani. Ziwa likifungwa, limefungwa kwa mwenye chombo na kwa mvuvi. Sisemi kuwa mgawo wao hauna dhuluma, kwani zipo. Nasema hasara yao ina pande mbili. Karatasi ya gari haijui mbalamwezi wala ziwa kufungwa. Mkato hupita mwezi wa neema na mwezi wa njaa kwa kiasi kile kile.

Lakini haki na isemwe pande zote. Kijana yule hakutaka gari kwa kujionyesha. Mwaka uliotangulia mama yake alishikwa na ugonjwa usiku, wakakaa saa nzima wakitafuta chombo cha kumfikisha hospitali ya Maweni. Haja ile ni ya kweli, na kutaka kumpakia mama katika gari lako ni katika wema. Wala kukatwa mshahara peke yake si haramu. Ni njia ya kulipa tu, na kwa mtu mwaminifu yaweza kumkinga na uchelewaji. Ndiyo maana lawama yangu kubwa naiweka juu ya karatasi.

Basi kabla ya kusaini, uliza mambo manne. Gari ni la nani leo? Likiharibika bila ya kosa langu, nani apata hasara? Nikichelewa, deni laongezeka? Nikiachishwa kazi, natoka vipi? Taka majawabu yaandikwe, kwani aya ya deni, ya 282 ya Suratul Baqara, yatuamuru kuandika, na wazee wetu walisema mali bila daftari huisha bila habari. Ikiwa waiendea benki ya Kiislamu, na zipo, kama Amana iliyofunguliwa Dar es Salaam mwaka 2011, uliza maswali yale yale. Jina zuri mlangoni halikuondolei wajibu wa kusoma. Kisha ipeleke karatasi nyumbani, isomwe mbele ya mke na wazazi, na mwenye kuuliza asiambiwe kuwa hajui mambo ya kisasa.

Kijana wa Ujiji alikwenda na maswali hayo. Kampuni ilimjibu kuwa karatasi ni moja kwa watu wote, haibadilishwi. Aliirudisha bila ya kuisaini. Gari hana. Amefungua akiba katika chama cha kuweka na kukopa cha kazini kwao, baada ya kuuliza kwanza juu ya riba, na mama yake bado huenda hospitali kwa bajaji. Aliniambia kuwa siku nyengine huona haya mbele ya wenzake waliochukua. Nilimwambia kuwa haya ile itapita, na mshahara wake mzima utaendelea kufika nyumbani.

Wabillahi tawfiq.