Tairi la Kona za Karuzi

Kati ya Gitega na Muyinga hakuna uwanja wa kushindania magari. Kuna barabara tu, na hiyo inatosha. Ukitoka Gitega unashuka hadi mto Ruvubu, unapanda kuelekea Karuzi, halafu kilima kinakukabidhi kwa kilima kingine mpaka uingie Muyinga, ambako njia inaendelea kwenda Kobero, mpakani na Tanzania. Dereva wa gari la Probox anayekwenda na kurudi huku, abiria wamebanana na magunia ya maharage yamejaa nyuma, nadhani hukata kona nyingi kwa wiki moja kuliko wanazokata wapenzi wa autokrosi kwa msimu mzima.

Autokrosi ni mbio za watu wasiolipwa. Gari moja moja hupita kwenye njia fupi yenye kona za kubana, na mshindi huamuliwa na saa. Kenya wanakimbilia kwenye vumbi. Marekani njia hupangwa kwa koni za plastiki kwenye maegesho makubwa ya lami, na mzunguko huisha kwa dakika moja hivi. Katika muda huo tairi halijapata hata joto la kutosha, ndiyo maana wanataka mpira laini unaonata tangu mita ya kwanza, uliwe mapema au usiliwe. Chama chao kikubwa, SCCA, kimelazimika kuweka mpaka: kwenye madaraja ya magari ya kawaida, namba ya uimara ambayo kiwanda huichapa ubavuni mwa tairi isipungue 200. Tairi la mtu wa safari ndefu huwa na 400, 500 au zaidi.

Gari linalopendwa sana kwenye mbio hizo ni Mazda MX-5, kigari cha viti viwili. Rimu ya MX-5 za miaka ya 1990 ina matundu manne ya nati kwenye duara la milimita 100, na tundu la katikati la milimita 54.1. Rimu ya Probox ni hivyohivyo. Magari mawili yasiyofanana kwa lolote, moja la kuchezea Jumapili na jingine la kulisha familia tatu, yanafungwa gurudumu kwa vipimo vilevile. Kazi ndiyo inayoyatenganisha, na kazi ndiyo inayochagua tairi. Hilo mafundi wa matairi wa Gitega wanalijua vizuri kuliko wauzaji wengi wa matairi mapya.

Fundi ninayependa kumwangalia ana kibanda kando ya barabara, kompresa inayokohoa, vyuma viwili vya kubandulia tairi, na rundo la mitumba lililopangwa kama vitumbua. Mteja akifika huenda moja kwa moja kwenye tairi lenye meno marefu. Fundi humwacha alichukue, kisha hulipokea taratibu na kuligeuza. Meno hayaangalii kwanza, kwa sababu tairi lililokaa ghalani miaka kumi linaweza kuwa na meno ya jana. Analowesha kidole gumba, anafuta vumbi ubavuni mpaka kitokee kiduara kirefu chenye tarakimu nne. Ikiwa 2319, tairi lilitoka kiwandani wiki ya 23 ya mwaka 2019. Halafu analikandamiza kwa magoti ili ubavu ujikunje, na hapo nyufa ndogo ambazo jicho halikuziona zinafunguka zenyewe.

Kazi yenyewe, kwangu, ni ile ya mkono ndani ya tairi. Anaingiza kiganja na kuzungusha tairi polepole, macho yake yako barabarani, anaitikia salamu za wapita njia, lakini kidole cha kati kinatafuta. Kikikuta kiraka, kinasimama, kinakizunguka ukingo wote, kinaendelea. Kikikuta uvimbe, tairi linarudi kwenye rundo bila maelezo. Siku moja alitoa mkono ukiwa na unga mweusi, mwembamba kama masizi. Alimwonyesha mteja kiganja.

“Hili limetembezwa bila upepo, mzee. Nje zima, ndani limekwisha.”

Mzee alibisha kwamba meno yapo. Fundi hakubishana, alichukua jingine.

Swali lake la kwanza kwa kila mteja huwa: unabeba watu au unabeba mzigo? Nalo lina hesabu nyuma yake. Ubavuni pia kuna namba ya uzito. Tairi lenye 82 linaruhusiwa kubeba kilo 475. Lenye 88, kilo 560. Ukitoa moja na nyingine unapata kilo 85, yaani gunia na mwenye gunia asiye mnene. Dereva anayefunga tairi la gari la starehe kwenye Probox ya Muyinga anakopa kilo hizo kila kona, na ubavu laini hujikunja hadi bega la tairi likae barabarani badala ya uso wake.

Fundi anapenda pia kuona tairi kuukuu linalotolewa, maana kwake hilo ni taarifa ya dereva. Likiwa limeliwa katikati, upepo ulizidi. Likiliwa mabega yote mawili, ulipungua. Likiliwa bega moja tu, mguu wa gari umelala. Ukipapasa meno ukayakuta makali upande mmoja na laini upande wa pili, mfano wa msumeno, magurudumu hayatazami mbele sawasawa, na tairi jipya litakwenda njia hiyohiyo usipolirekebisha gari kwanza. Matairi ya kulia yana hadithi yake zaidi. Burundi tunapita kulia, lakini magari mengi yametoka Japani na usukani wake uko kulia vilevile. Dereva anakaa upande wa mtaro. Anauona ukingo wa lami vizuri sana, na gari linalokuja vibaya sana, basi hujisogeza ukingoni, na ubavu wa kulia hukwaruzwa na lami iliyomeguka.

Kuhusu rimu fundi hana subira. Vijana wa mjini hutaka za aluminiamu, pana, za inchi 15, na tairi la ubavu mfupi juu yake kama utepe. Zinapendeza, sikatai. Mwanaautokrosi naye ana haki ya kuzitaka, maana rimu nyepesi humsaidia kugeuka na kusimama, na uwanja wake hauna mashimo. Barabarani kwetu shimo likipiga tairi lenye ubavu mfupi, linapiga rimu. Ya chuma itapinda, na fundi ataikalisha juu ya gogo na kuinyoosha kwa nyundo mpaka mdomo wake ushike upepo. Ya aluminiamu hupasuka. Isitoshe, siku hizi za foleni za mafuta, tairi pana linaburuta na kunywa.

Upepo anaupima asubuhi, matairi yakiwa baridi, kwa kilo na nusu kilo za mgandamizo, si za uzito, na nyuma huongeza pale mzigo unapokuwa mkubwa. Wale wa autokrosi huchora mstari wa chaki begani mwa tairi, wakimaliza mzunguko wanaangalia chaki imefutika hadi wapi, kisha wanaongeza au kupunguza. Nilipomweleza hilo aliinua kichwa na kuuliza chaki ya rangi gani. Nadhani alikuwa tayari kuijaribu.

Mahali anapogombana na kila dereva ni pale mteja ana pesa ya matairi mawili tu. Dereva anayataka mbele, kwa kuwa Probox nyingi huvutwa na magurudumu ya mbele na ndiyo yanayogeuza. Fundi anayafunga nyuma. Hoja yake ni mteremko wa Ruvubu wakati wa mvua: mbele ikiteleza, dereva anaisikia kwenye usukani na kupunguza mwendo, nyuma ikiteleza kwenye kona, gari linageuka kabla hajasikia kitu. Hata viwanda vya matairi vinashauri hivyo. Madereva hawamwamini. Wapo wanaolipa, wanashukuru, wanakwenda mita mia mbili, na kumwomba fundi mwingine awahamishie mbele. Yeye anajua. Kabla hawajaondoka huwauliza spea iko wapi, na wakijibu kwamba iko chini ya magunia huwaambia washushe magunia kwanza. Mwaka 2021 Safari Rally iliporudi kwenye ubingwa wa dunia pale Naivasha, timu zenye mafundi wao zilijibebesha uzito wa spea mbili kwa kuogopa mawe. Dereva wa Muyinga anayo moja, nayo anaijaza upepo pale pale, mbele ya macho ya fundi, akilalamika kwamba abiria wanamsubiri.